Jeraha la ubongo: wagonjwa wasioandikwa, mzigo usioonekana

Motari anaanguka jioni kwenye barabara ya mawe. Anasimama, anapanguza vumbi, watu wanamsaidia kuinua pikipiki, anarudi nyumbani. Anakula na familia. Usiku anaanza kulalamika kichwa, anatapika mara mbili, halafu analala. Asubuhi wanajaribu kumwamsha, haamki. Majirani wanasema: "Ni moto ilimuua." Kesho yake anazikwa.

Huu ni mfano tu, lakini wakaaji wengi wa Kivu, Ituri, Maniema ao Tanganyika wanajua kisa kinachofanana na hiki. Waganga wanajua kile kinachoweza kutokea ndani ya kichwa cha mtu wa namna hiyo: mshipa unakatika, damu inajikusanya pole pole kati ya mfupa na ubongo, na mtu anaonekana mzima kwa saa kadhaa kabla ya kuzidiwa. Ni moja ya majeraha ya kichwa ambayo mtu anaweza kupona vizuri kabisa kama anafikishwa mapema kwa mpasuaji.

Kuna jambo lingine katika kisa hiki, na hilo halisemwi sana kwenye kilio. Mtu huyo hakupita kwenye kituo cha afya. Hakuna rejista yenye jina lake. Mwisho wa mwezi, ripoti ya zoni ya afya haina yeye. Mwisho wa mwaka, wanaopanga pesa, vitanda na mashine hawamjui. Kwa upande wa hesabu, ajali yake haikutokea.

Makala hii inaeleza namna wataalamu wanavyojaribu kupima mzigo wa majeraha ya ubongo katika nchi maskini, kwa nini kazi hiyo ni ngumu, na kwa nini inamgusa kila mtu anayepanda taksi-moto.

Jeraha la ubongo ni nini?

Ubongo ni laini. Uko ndani ya fuvu na umezungukwa na maji kidogo. Wakati kichwa kinapogonga jiwe, kinapopigwa fimbo, kinapotikiswa na mlipuko ao kinapopenywa na masasi, ubongo unatikisika, unachubuka, ao mishipa yake inakatika. Kwa Kifaransa waganga wanasema traumatisme crânien. Hapa linatumiwa neno jeraha la ubongo.

Si kila kidonda cha kichwa ni jeraha la ubongo. Mtu anaweza kutokwa na damu nyingi kwenye ngozi ya kichwa na ubongo ukabaki salama. Mwingine hana hata mkwaruzo, kumbe ndani ameumia.

Wataalamu wanatenganisha madhara ya aina mbili. Ya kwanza yanatokea palepale wakati wa kugongwa, na mganga hawezi kuyarudisha nyuma. Ya pili yanakuja katika saa na siku zinazofuata: damu inajikusanya, ubongo unavimba ndani ya mfupa ambao hauwezi kupanuka, oksijeni inapungua, tansio inashuka. Haya ya pili yanaweza kuzuiwa, ao kupunguzwa, kama mgonjwa anaangaliwa mapema. Kwa hiyo watu wawili walioumia sawasawa saa moja ya jioni wanaweza kuwa na mwisho tofauti kabisa, kufwatana na pahali walipoangukia.

Mashariki mwa Congo sababu ni nyingi. Kuna pikipiki na magari. Kuna wanaoanguka kutoka kwenye mchikichi, kwenye muembe ao kwenye nyumba inayojengwa. Kuna mawe yanayoanguka ndani ya mashimo ya madini. Kuna watoto wanaoanguka ngazi. Kuna mapigano ya ulevi, kuna fimbo za wezi, na kuna vita. Kila sababu ina njia yake ya kufika hospitalini, ao ya kutofika.

Kipimo kisichohitaji umeme

Mwaka wa 1974, waganga wawili wa mji wa Glasgow, huko Scotland, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitangaza njia rahisi ya kupima namna mtu anavyojitambua. Muuguzi anaangalia vitu vitatu. Macho: yanafunguka yenyewe, kwa kuitwa, kwa maumivu, ao hayafunguki? Hapo kuna alama 1 mpaka 4. Maneno: anajibu sawasawa, anachanganya, anatoa sauti tu, ao ananyamaza? Alama 1 mpaka 5. Mwendo: anafanya kile anachoambiwa, anasukuma mkono unaomuumiza, ao hasogei kabisa? Alama 1 mpaka 6.

Mtu anayejitambua kabisa anapata 15. Asiyejibu kitu chochote anapata 3. Kutoka 13 mpaka 15 jeraha linaitwa dogo, kutoka 9 mpaka 12 ni la kadiri, na kutoka 8 kushuka ni zito.

Kipimo hiki kina faida kubwa kwa nchi maskini: hakihitaji umeme, mashine wala dawa. Muuguzi wa Walikale na mganga wa Paris wakiandika "9", wanasema kitu kimoja. Lakini mtu akiandika tu "hali mbaya", hakuna anayeweza kulinganisha hali hiyo na ya mgonjwa mwingine, wala kujua kesho kama imepanda ao imeshuka.

Neno "dogo" lisidanganye mtu. Motari wa mfano wa juu angepata 15 jioni ile. Ndiyo maana alama inapimwa tena na tena. Ikianza kushuka, ni hatari.

Milioni 27, milioni 50 ao milioni 69?

Mtu anayetafuta idadi ya majeraha ya ubongo duniani atashangaa. Uchunguzi mkubwa kuhusu mzigo wa magonjwa duniani ulikadiria wagonjwa wapya karibu milioni 27 katika mwaka wa 2016. Kundi la wataalamu lililoandika katika gazeti la waganga Lancet Neurology mwaka wa 2017 lilisema milioni 50 mpaka 60 kila mwaka. Kundi lingine, la wapasuaji wa ubongo, lilitangaza mwaka wa 2018 hesabu ya milioni 69, na kati yao karibu milioni 5 na nusu wana jeraha zito.

Hakuna aliyedanganya. Tofauti inatoka kwenye namna ya kuhesabu. Hakuna mtu aliyepita nyumba kwa nyumba duniani kote. Pahali penye rejista nzuri, wataalamu wanasoma rejista. Pahali pasipo na rejista, wanafanya makadirio. Wale wa milioni 69, kwa mfano, walianza na hesabu ya watu wanaoumia barabarani, wakatafuta katika vitabu vya uchunguzi ni sehemu gani kati yao wanaumia ubongo, halafu wakapanua hesabu hiyo kwa sababu zingine. Mwengine anahesabu waliofikia matibabu tu, mwengine anaweka na wale waliobaki nyumbani na kichwa kinachouma.

Wale wapasuaji walionyesha pia kwamba nchi za mapato ya chini na ya kati zina karibu mara tatu ya majeraha ya nchi tajiri, ukijumlisha yote. Barani Afrika, kufwatana na makadirio yao, zaidi ya nusu ya majeraha ya ubongo, asilimia 56, yanatoka kwenye ajali za barabarani. Kule Amerika ya Kaskazini ni asilimia 25.

Tena walisema jambo ambalo inafaa kulisoma mara mbili: takwimu bora zaidi zinatoka Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Yaani pahali penye wagonjwa wengi njo pahali penye karatasi chache.

Fasi mgonjwa anapopotea

Ili kuelewa namna hesabu inavyovuja, inafaa kufuata mgonjwa kutoka barabarani mpaka kwenye ripoti ya mwezi. Anaweza kupotea pahali pengi.

Pa kwanza ni palepale alipoangukia. Anayekufa barabarani anabebwa na familia moja kwa moja mpaka nyumbani. Kama hakuna polisi aliyeandika na hakuna hospitali iliyopokea maiti, kifo hicho kinabaki katika kumbukumbu ya kijiji tu.

Pa pili ni nyumbani. Familia inangoja kwa sababu ya pesa, kwa sababu ya umbali, kwa sababu barabara haina usalama usiku, ao kwa sababu mgonjwa anasema "sina kitu". Wengine wanaanza na dawa za asili. Siku ya tatu ndipo wanatafuta mganga, ao wanatafuta mbao za jeneza.

Pa tatu ni ndani ya rejista yenyewe. Muuguzi aliyechoka anaandika herufi tatu zinazojulikana katika kila hospitali ya Congo: AVP, yaani ajali ya barabarani. Herufi hizo zinasema mgonjwa alitoka wapi, hazisemi ameumia nini. Mguu uliovunjika ni AVP, na ubongo unaovuja damu ni AVP. Ripoti ya SNIS, mfumo wa taifa wa habari za afya, haiwezi kutoa kitu ambacho hakikuandikwa kwenye daftari la asubuhi.

Pa nne ni njiani. Kituo cha afya kinamtuma mgonjwa kwenye hospitali kubwa na kuandika "ametumwa". Kama hakufika, ao alikufia kwenye pikipiki iliyomchukua, kituo hakipati habari. Kama alifika, anaweza kuandikwa mara mbili kama watu wawili.

Pa tano ni baada ya kutoka. Mtu anarudi nyumbani akiwa hai. Miezi miwili baadaye anasahau majina, anakasirika bure, anaumwa kichwa kila siku, hawezi tena kusimamia biashara yake. Wengine wanaanza kupata kifafa. Jirani wanasema amelogwa, ao amekuwa mlevi. Hakuna anayeunganisha hali hiyo na ajali, na hospitali iliandika "ametoka, amepona".

Halafu kuna shida ya msingi. Ili kusema jeraha fulani linapata watu wangapi kati ya 100,000, lazima kujua watu wote ni wangapi. Sensa ya mwisho ya wakaaji wa Congo ilifanyika mwaka wa 1984. Tangu wakati huo watu wamezaa, wamekimbia vita, wamejaza miji kama Goma, Bukavu, Bunia na Butembo. Hata kama hospitali ingeandika kila mgonjwa bila kusahau mmoja, idadi ya kugawanyia ingebaki ya kukadiria.

Kwa sababu hiyo, uchunguzi mwingi wa nchi maskini unafanyika katika hospitali moja kubwa ya mji mkubwa. Unasaidia, lakini inafaa kuusoma kwa uangalifu. Hospitali hiyo inaona wale walioweza kufika: wanaoishi karibu, wenye pesa kidogo, wenye jeraha zito lakini lisilowaua njiani. Mwanamke aliyepigwa nyumbani katika kijiji cha mbali hayumo. Kusema kwamba "majeruhi wengi ni vijana wa pikipiki wa mjini" kunaweza kuwa kweli ya hospitali ile bila kuwa kweli ya jimbo zima.

Mzigo unapimwa namna gani?

Kuhesabu vifo peke yake hakutoshi. Tangu miaka ya 1990, wataalamu wa Benki ya Dunia na wa Shirika la Afya Duniani wanatumia kipimo cha miaka ya maisha yenye afya iliyopotea. Wanajumlisha vitu viwili: miaka ambayo mtu angeishi kama hangekufa mapema, na miaka anayoishi akiwa na ulemavu, wakiipunguza kufwatana na uzito wa ulemavu huo.

Tuseme kijana wa miaka 20 anakufa kwa jeraha la kichwa. Kama kipimo kinategemea aishi mpaka miaka 80, amepoteza miaka 60. Mwenzake wa umri uleule anapona, lakini anabaki na ulemavu ambao kipimo kinaupa uzito wa 0.2 kwa miaka 40: hapo imepotea miaka 8, ijapokuwa yuko hai. Namba hizi ni za mfano, lakini zinaonyesha kwa nini jeraha la ubongo linapanda juu kwenye orodha: linapiga zaidi vijana, na wanaopona wanaweza kuishi nalo muda mrefu.

Kipimo hiki nacho kina pengo. Hakihesabu mama aliyeacha kwenda shambani ili amlishe mtoto wake wa miaka 30. Hakihesabu pikipiki iliyouzwa kulipa hospitali wala watoto waliotoka shuleni. Katika nchi ambamo familia ndiyo bima, ndiyo muuguzi na ndiyo ambulansi, sehemu kubwa ya mzigo iko nje ya hesabu.

Uchunguzi umebadilisha nini?

Mtu anaweza kuuliza: kuhesabu kunaponya nani? Kwa majeraha ya ubongo, jibu linaonekana wazi.

Kwa zaidi ya miaka 30, katika nchi nyingi, waganga walikuwa wakiwapa majeruhi wa kichwa dawa za aina ya kortikosteroidi, wakiamini kwamba zinapunguza uvimbe. Uchunguzi uliojulikana kwa jina CRASH uliwafuata wagonjwa 10,008 katika nchi nyingi, tajiri na maskini. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2004: kati ya waliopewa dawa, asilimia 21.1 walikufa ndani ya wiki mbili; kati ya wasiopewa, asilimia 17.9. Dawa iliyotegemewa ilikuwa inaongeza vifo. Mganga mmoja na wagonjwa wake 50 hangeweza kuona tofauti hiyo.

Kutoka katika uchunguzi huohuo, wataalamu walichukua wagonjwa 8,927 wa nchi 46 na kulinganisha nchi tajiri na zingine. Mwaka wa 2009 walionyesha kwamba mtu mwenye jeraha zito katika nchi ya mapato ya chini ao ya kati alikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara mbili ya mwenzake wa nchi tajiri. Lakini kwa majeraha madogo na ya kadiri, waliobaki na ulemavu walikuwa wachache zaidi katika nchi maskini. Hilo lilishangaza. Inawezekana kwamba wale ambao wangebaki na ulemavu walikuwa wamekwisha kufa. Inawezekana pia kwamba familia zinazowazunguka wagonjwa zinawasaidia kurudi katika kazi. Ama ulemavu ulipimwa kwa jicho tofauti.

Mwaka wa 2012, uchunguzi uliofanyika Bolivia na Ecuador na wagonjwa 324 uliuliza swali gumu: je, kifaa cha bei kali kinachoingizwa ndani ya fuvu kupima mgandamizo kinaokoa watu zaidi kuliko skaneri na muuguzi anayemwangalia mgonjwa kwa karibu? Jibu: matokeo hayakutofautiana. Kwa hospitali isiyo na kifaa hicho, habari hii ni kubwa, sababu inaonyesha uzito wa kumpima mgonjwa tena na tena. Na haikupatikana Marekani wala Ulaya. Ilipatikana pahali ambapo vifaa ni vichache.

Mwaka wa 2019, CRASH-3 ilitangaza matokeo ya wagonjwa zaidi ya 12,000 wa nchi 29 waliojaribiwa asidi ya traneksamiki, dawa ya zamani inayopunguza kuvuja kwa damu. Ilionekana kupunguza vifo vya jeraha la kichwa kwa wenye jeraha dogo ao la kadiri waliopewa ndani ya saa tatu. Kwa jeraha zito haikuonekana kusaidia. Tena ni mambo ya saa. Kama rejista haisemi mgonjwa aliumia saa ngapi, mganga hawezi kujua kama bado yuko ndani ya saa tatu.

Majirani wanafanya nini?

Kule Moshi, Tanzania, hospitali ya KCMC pamoja na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walianzisha rejista ya majeruhi wa ubongo. Kwa kuwa waligundua pombe iko nyuma ya ajali nyingi, walitengeneza mazungumzo mafupi ya Kiswahili kwa majeruhi kabla hawajatoka hospitalini, wakayaita Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Kampala, kwenye hospitali ya Mulago, watafiti walifuata wagonjwa hata baada ya kurudi nyumbani, kwa kuwapigia simu. Hiyo ni njia moja ya kuziba lile pengo la tano.

Rwanda ilianzisha huduma ya ambulansi ya SAMU mwaka wa 2007, na watu wanaiita kwa namba 912. Fomu zinazojazwa ndani ya ambulansi zimekuwa chanzo cha habari kuhusu wanaoumia barabarani, hata kabla hawajafika hospitalini.

Mfano wa mbali zaidi unatoka Vietnam, nchi ya pikipiki nyingi. Tarehe 15 Desemba 2007 sheria ilianza kulazimisha kaske kwa kila dereva na kila abiria. Kwa kuwa hospitali zilikuwa zinaandika majeruhi kabla ya tarehe hiyo, iliwezekana kulinganisha: hatari ya jeraha la kichwa kwa walioumia barabarani ilishuka kwa asilimia 16. Bila daftari la kabla, serikali ingebaki na maneno matupu.

Kuhusu kaske yenyewe, uchunguzi mbalimbali uliokusanywa pamoja mwaka wa 2008 ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69 na hatari ya kufa kwa asilimia 42. Lakini kaske iliyotundikwa kwenye usukani ili kumwonyesha polisi haimlindi mtu. Hata ile iliyovaliwa bila kufunga mkanda inaruka kabla ya kichwa kufika chini. Na abiria, mara nyingi mama na mtoto, njo wanaobaki bila kaske.

Mistari sita ya daftari

Tangu mwaka wa 2001 Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa kuandika majeruhi hata pahali penye uwezo mdogo. Si lazima kompyuta. Kwa jeraha la kichwa, mistari sita tayari inabadilisha mambo:

- Aliumia saa ngapi, na alifika saa ngapi.
- Nini kilimuumiza: moto, gari, kuanguka, fimbo, masasi, jiwe.
- Alikuwa dereva, abiria ao mtembea kwa miguu, na alivaa kaske ao hapana.
- Alama ya Glasgow alipofika, na ile ya baadaye.
- Umri na pahali anapoishi.
- Alitoka namna gani: mzima, na ulemavu, ametumwa wapi, ao amekufa.

Kwa mistari hiyo, mganga mkuu wa zoni anaweza kwenda mbele ya wizara ao shirika na kusema kwa mwaka mzima wagonjwa wangapi walipita, wangapi walikufa wakingoja usafiri, na ni kona gani ya barabara inaleta wengi. Bila mistari hiyo anaomba skaneri ao ambulansi kwa kusema "tunateseka", na kila zoni inasema vilevile.

Familia na wamotari wana sehemu yao. Wao ndio wanajua saa ya ajali na kama mtu alizimia. Anayemfikisha majeruhi na kuondoka bila kusema kitu anaondoka na nusu ya habari. Inafaa aeleze, na inafaa kuomba kwamba neno "kichwa" liandikwe, si AVP peke yake. Kifo kilichotokea nyumbani baada ya ajali kinaweza kuelezwa kwa muuguzi wa kituo ao kwa relais communautaire wa kata, hata kama maziko yamekwisha.

Alama za hatari baada ya kugonga kichwa

Mtu aliyegonga kichwa apelekwe haraka kwenye kituo cha afya ao hospitali kama anaonyesha hata moja ya alama hizi, hata kama alikuwa anaongea vizuri mwanzoni:

- alizimia, hata kwa dakika chache;
- anatapika zaidi ya mara moja;
- kichwa kinazidi kumuuma;
- ana usingizi usio wa kawaida, ao ni vigumu kumwamsha;
- anachanganya maneno, hajui pahali alipo;
- anatetemeka sawa mtu wa kifafa;
- mkono ao mguu wa upande mmoja umelegea;
- mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko nyingine;
- maji meupe ao damu inatoka katika pua ao sikio.

Asipewe pombe, wala asipewe aspirini, sababu inaweza kuongeza kuvuja kwa damu. Asiendeshe tena pikipiki siku hiyo. Kama amezimia, shingo yake isigeuzwe geuzwe, na abebwe kitu kigumu chini yake, mfano mlango ao ubao, kuliko kukunjwa katikati ya watu wawili kwenye moto. Na aliyeumia asiachwe alale peke yake usiku wa kwanza: awepo mtu wa kumwamsha kila baada ya saa mbili hivi, amuulize jina lake na la watoto wake. Akishindwa kujibu, asingojewe asubuhi.